Kisimba Anakifundisha Kioo Njia ya Nzilo

Mashine ilifika ufukweni imefungwa katika blanketi kama mtoto mchanga. Mama Stéphanie, mwenye boti, aliibeba mwenyewe kutoka kwenye gari, na hakumruhusu mtu kuigusa. Wanawake wenye mabeseni ya samaki wakampisha. Mzee mmoja, asiyejua kinachopita, akavua kofia na kufanya ishara ya msalaba.

Kisimba hakuvua kitu. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa boti akila muhogo wa kuchoma, kama alivyokula kila asubuhi kwa miaka thelathini na mmoja aliyoshika usukani wa boti hiyo.

“Tata Kisimba,” mama Stéphanie akasema akifunua blanketi, “ii njo GPS. Kuanzia leo boti itajua fasi iko.”

“Kumbe ilikuwa imepotea, mama?”

Wanawake wakacheka. Mama Stéphanie hakucheka. Alikuwa ametoka Kolwezi na viatu vyeupe, na mtu mwenye viatu vyeupe huwa hana nafasi ya kucheka ufukweni. Akili yake yote iko kwenye matope.

Ziwa Nzilo si ziwa la Mungu. Ni mto Lualaba uliofungwa kwa ukuta zamani za Wabelgiji ili migodi ipate umeme. Maji yalipanda yakafunika mashamba, vijiji na msitu, na hakuna aliyejisumbua kukata miti kwanza. Miti ikafa imesimama. Imesimama hadi leo, migumu kama chuma, ncha juu. Mvua zikinyesha, maji huifunika na boti hupita bila habari. Kiangazi kikikomaa, maji hushuka, na kufikia mwezi wa kumi ncha zile hungoja kiasi cha kiganja tu chini ya maji. Hazionekani, lakini zinatosha kupasua boti kama papai. Kuzijua ndiyo ilikuwa kazi ya Kisimba. Alifundishwa na baba yake ndani ya mtumbwi, kwa kafi: ukisahau kisiki, kafi ya mgongo. Ilikuwa shule nzuri. Hakuna aliyerudia darasa.

Mama Stéphanie hakukulia kwenye maji. Mali yake aliipata Kasulo, miaka ile watu wa mtaa walipogundua kobalti chini ya nyumba zao wakaanza kuchimba vyumbani, kitanda kimesogezwa pembeni. Wao waliuza sakafu zao. Yeye akawauzia magunia ya kuzibebea. Leo yeye ana ghorofa na wao wana mashimo. Aliponunua boti alitaka iwe ya kisasa, na kisasa kwake ni kitu chochote chenye kioo kinachowaka.

Pamoja na mashine alimleta Gradi, mtoto wa dada yake, mwanamume wa miaka thelathini mwenye miwani myeusi, aliyewahi kuchimba Kasulo, kisha akatengeneza simu, kisha akaziharibu. Sasa aliitwa fundi wa mashine.

“Tata,” mama Stéphanie akaendelea, “ule hatajua mashine kufika Pentekoste, hatashika usukani. Ni sheria.”

“Sheria ya nani?”

“Ya maendeleo.”

Kisimba akameza muhogo. Nchi kavu alikuwa mzee mwenye magoti mabovu na choo kilichoinama. Watoto wa jirani walimpita bila salamu. Lakini akikaa nyuma ya boti, mkono kwenye usukani, hata mwalimu mkuu wa ng'ambo alimwita commandant, na mama wenye hasira walinyamaza alipowaambia wakae chini. Usukani ule ndio uliomfanya mtu. Ukiondoka, kinachobaki ni magoti.

Siku ya kwanza Gradi akafunga mashine kwenye ubao mbele ya usukani, akaunganisha nyaya na betri ya gari, akabonyeza. Kioo kikawaka. Abiria wakasogea wote upande mmoja kuona, boti ikainama, Kisimba akawarudisha kwa maneno ambayo hayafai kuandikwa. Kisha naye akatazama. Aliona rangi ya manjano imejaa kioo kizima, na juu yake kitu kidogo chenye ncha.

“Gradi, ii rangi ni nini?”

“Njo inchi kavu, tata.”

“Na ii ya mufano wa boti?”

“Njo siye.”

“Basi tuko tunatembea mu pori.”

“Ah! Tushuke tuende na miguu!” akapaza sauti mama mmoja mwenye kuku wawili. “Mi nilishalipa ya maji!”

Boti nzima ikacheka hadi kuku wakaogopa. Gradi alivua miwani, akaivaa tena, akabonyeza hapa na pale, manjano haikuondoka. Waliochora ramani ile walikuwa watu wa bahari. Bahari waliijua mwamba kwa mwamba. Kwetu walipaka manjano, kwa kuwa wanachokitaka kwetu hakiko juu ya maji.

Kisimba alicheka kidogo kuliko wengine. Alikuwa akiitazama manjano ile. Babu yake alilima mtama hapo hapo, chini yao. Kioo kile kijinga kilikuwa kimepitwa na miaka sabini tu, na katika miaka hiyo sabini hakuna mtu mwingine aliyekumbuka kuwa hapo palikuwa shamba.

Gradi alipata dawa baada ya kupiga simu tano. Mashine isiyo na ramani yaweza kufundishwa. Nahodha anapita njia yake mara moja, mashine inaandika kila kona, na mstari mwekundu unabaki kiooni. Kuanzia hapo yeyote anaweza kuufuata.

“Yeyote?” Agnès, mke wa Kisimba, aliuliza nyumbani, akisonga bukari bila kugeuka.

“Njo banasema.”

“Na weye utabapitisha?”

“Ni mutihani, Agnès. Nikiweza mutihani, nabakia na usukani.”

“Mwizi anakuomba umuoneshe fasi unafichaka ufunguo, na weye uko unamuuliza kama umeonesha muzuri.”

Alikuwa amesema kweli, na Kisimba alijua. Lakini alikuwa na ugonjwa wa watu waliotolewa shule mapema: mtihani haukumpita mlangoni bila yeye kuuita ndani. Aliacha shule Lubudi darasa la nne, na tangu hapo alisoma kila kilichomwangukia mkononi, magazeti ya kufungia mkate, katekisimu, maandishi ya kwenye makopo. Kitabu cha mashine kilikuwa cha Kifaransa, kurasa mia moja na arobaini. Kamusi yake ilikosa kurasa za mwanzo, hivyo maneno yote ya herufi A na B aliyakisia. Kwa majuma matatu alikaa mlangoni na kitabu gotini, midomo ikicheza. Alijua namna ya kuweka alama ya hatari, namna ya kupima kina, namna ya kusoma zile tarakimu mbili ndefu zinazosema mahali ulipo duniani. Gradi, ambaye hakuwa amefungua kitabu, akaanza kumuuliza kwa siri kitufe cha kuongeza mwanga kiko wapi.

Mtihani ulifanyika mwezi wa tano, maji yamejaa hadi kwenye nyasi. Mama Stéphanie alipanda na mwavuli. Kisimba alivaa shati aliloozea binti yake. Akabonyeza kitufe cha kuandika kwa kidole chake mwenyewe, akawasha moteri, na hajawahi kuendesha vile tangu azaliwe. Kila kona ilikaa. Hata mwavuli haukutikisika.

Katikati ya ziwa, juu ya Kyamalale, alifanya kile ambacho baba yake alikifanya, na babu yake tangu maji yalipopanda. Kyamalale ni kijiji kilicho chini ya maji pamoja na makaburi yake. Nahodha akifika hapo, maji yakiwa mengi, huzunguka mara moja polepole, huzima moteri, huchota maji kwa kiganja na kuyarudisha, na kuwaambia bankambo, yaani mababu walio chini, kwamba ni sisi tu, tunapita, tulieni. Abiria wa siku zote hushusha sauti. Haichukui dakika mbili. Siku hiyo Gradi alikuwa na nyaya za muziki masikioni, na mama Stéphanie alikuwa akizungumza kwa simu kuhusu saruji. Mashine peke yake ndiyo iliyokuwa makini. Ikaandika duara.

Walipofika, mama Stéphanie akapiga makofi.

“Tata, uko mwanafunzi wa kwanza! Umemuzidi hata Gradi.”

“Aksanti, mama.”

“Sasa mashine inajua njia. Weye, upumuzike. Gradi atashika usukani. Weye utakuwa ya mbele, na kamba na mufito. Si uko muzee?”

Kisimba alisimama na cheti chake cha hewani. Alikuwa amefaulu mtihani kwa alama zote, na zawadi ilikuwa kufukuzwa shule.

Agnès alipoambiwa aliinuka kwenda jikoni. Alimpakulia bukari na kichwa kikubwa cha samaki, kile cha wageni, na hilo lilimuuma Kisimba kuliko kusemwa.

Basi Gradi akashika usukani. Hakutazama maji, kwa nini ayatazame? Alitazama kitu chenye ncha kikitambaa juu ya mstari mwekundu, naye akakifuata kama mbuzi anavyofuata kamba. Mstari ulipoanza kuzunguka pale Kyamalale, Gradi naye akazunguka, polepole, kama ulivyoandikwa. Mstari hausemi kwa nini. Mtu alipomuuliza, alijibu bila kutazama nyuma: “Kuna mukondo mubaya apa. Ni hesabu.”

Lakini wazee wa ng'ambo waliliona lile duara na mioyo yao ikajaa.

“Muone ule mutoto,” bibi mmoja, mama Tshiamala, akamwambia jirani yake kwenye benchi. “Anavaa miwani kama mwizi, lakini anasalimia bankambo. Alizaliwa muzuri.”

“Ee, ana heshima kupita ata ba zamani.”

Kisimba alikuwa mbele, mfito wa kusukumia boti mkononi, amewapa mgongo. Alilisikia kila neno. Mwezi wa sita, wa saba na wa nane, salamu ya baba yake ilitolewa kila siku mara mbili na mtu asiyejua kama anasalimia, na mtu huyo akaletewa jogoo.

Kisha maji yakaanza kushuka.

Kiangazi hakuna anayezunguka Kyamalale. Mwembe mmoja wa kijiji na miti mingine kumi na mitatu imesimama palepale, kwenye duara. Nahodha hupita mbali upande wa mashariki na kusalimia kutoka huko. Wafu si viziwi. Kisimba alilijua hilo, na alijua pia kwamba yeye peke yake ndiye anayelijua. Mwezi wa tisa ulipokaribia kuisha, alilala majuma mawili na siri hiyo kama mtu aliyelala na jiwe. Kusema ni kuwapa kile kidogo alichobakiwa nacho. Kunyamaza ni kungoja. Usukani ungerudi wenyewe, ulivyo, pengine na damu kidogo.

Akasema. Alimkuta Gradi akipiga mswaki ufukweni.

“Gradi, mwezi wa kumi usizunguke pale kati.”

“Juu ya nini? Si weye mwenyewe ulizunguka?”

“Nilikuwa nasalimia.”

“Nani?”

“Bankambo. Kuna makaburi chini, na visiki juu yake.”

Gradi akacheka hadi povu likamtoka puani. “Tata! Myezi minne niko nasalimia wafu na siijue?” Akaenda mbio kumwambia mama yake mdogo.

Mama Stéphanie hakucheka. Kanisa lake, lile la pembeni ya soko, halina mchezo na wafu. Hakusikia habari ya visiki hata kidogo. Alisikia habari ya makaburi tu. Akaamuru duara lifutwe. Gradi akajaribu, na ikaonekana anachoweza kufuta ni mstari wote au hakuna. Kisimba alikuwa na ukurasa kichwani, wa tisini na sita, unaoeleza namna ya kukata kipande cha mstari. Lakini hakuna aliyemuuliza, na mtu aliyekwisha kusema mara moja akachekwa si rahisi aongee tena kabla ya chakula. Basi akaletwa mchungaji. Mchungaji akaweka mikono juu ya mashine, akakemea kwa Kifaransa na Kiswahili, akamwaga mafuta juu ya kioo. Duara lilibaki. Kilichobadilika ni kwamba kwa siku tatu vidole vya Gradi viliteleza.

“Sasa haina nguvu tena,” mchungaji akasema. “Mupite tu.”

Wakapita. Ilikuwa Jumamosi ya pili ya mwezi wa kumi, jua kali, hakuna upepo. Boti ilibeba magunia ya makaa, wanawake kumi na wanne, mama Tshiamala na debe la asali, na mama Stéphanie mwenyewe akirudi kutazama mahindi yake ng'ambo. Kisimba alikuwa mbele. Aliona mstari wa vilima, akajua wamefika wapi, na akahisi boti ikianza kugeuka.

“Gradi! Kushoto!”

“Mustari unasema kuume, tata.”

“Achana na mustari! Angalia maji!”

“Maji iko muzuri, wapi shida?”

Maji yalikuwa mazuri kweli. Yalilala kama shuka. Lakini hatua ishirini mbele kulikuwa na viduara vidogo vinavyotetemeka bila samaki, kimoja, kisha vitatu, kisha safu. Kisimba aliviona, na kwa muda wa kupepesa jicho, tusidanganyane, alitaka kunyamaza. Aliona picha yote: Gradi akimezwa na mtihani, miwani ikielea. Kisha kuku wa mtu akalia, na yeye akazamisha mfito upande wa kuume, akaegemea kwa uzito wote wa mwili wake na magoti yake mabovu.

Pua ya boti ikapinda. Kisiki cha kwanza kikapita ubavuni kwa sauti ya msumeno, ubao ukafunguka mkono mzima, maji yakaingia. Wanawake walipiga kelele mara moja tu, kisha wakakamata mabeseni na kuanza kuchota, kwa kuwa wanawake wa Nzilo hawana muda wa kulia mara mbili. Magunia sita ya makaa yakatupwa. Gradi alikuwa bado amekaza macho kwenye kioo.

“Inaandika tuko muzuri,” alikuwa akisema. “Inaandika tuko pa mustari kabisa.”

“Toka pale!” mama Stéphanie akalia, viatu vyeupe vimejaa maji meusi ya makaa. “Tata! Tata Kisimba! Commandant, shika!”

Kisimba akapita katikati ya watu hadi nyuma. Akakaa. Akashika. Alizima moteri, akairudisha boti kwa kafi kati ya kisiki na kisiki, akiita jina la kila kimoja kwa sauti ya chini, kama mwalimu anayeita daftari la darasa. Mama Tshiamala alikuwa ameziba ufa kwa kitenge chake na kuukalia. Walipofika maji huru, Kisimba aliwasha moteri tena, na hapo akaona kidole cha Gradi kinatambaa kuelekea kitufe cha kuandika.

“Toa mukono,” akasema.

“Ni ya faida ya wote, tata, njo ipate kujua na ii njia ya kiangazi…”

Kisimba akazima kioo mwenyewe. Alijua kitufe.

Ufukweni mama Stéphanie alikamua sketi yake na kufanya biashara hapo hapo, kwa sababu hakujua namna nyingine ya kushukuru.

“Tata, kesho utaionesha mashine njia ya kiangazi. Kisha…”

“Ya mwezi ya kumi, mama?”

“Ya kiangazi.”

“Kiangazi haina njia moja. Mwezi ya kumi iko na njia yake, ya kumi na moja iko na yake. Mvua ikianza, maji inapanda, kila juma njia inahama. Mashine lazima isome zote. Na mwaka ingine ukuta bakifungua maji mingi, tunaanzia ku mwanzo.” Alisema kwa upole sana, kama mtu aliyesoma kitabu. “Ukurasa ya hamsini na mbili. Kioo kinaomba mistari mingi, juu kisikosee.”

Mama Stéphanie akamtazama Gradi. Gradi, ambaye hakujua ukurasa wa hamsini na mbili unasema nini, alitikisa kichwa kwamba ni kweli.

“Na wakati iko inasoma, nani anaendesha?”

“Si mwalimu, mama?”

Hivyo Kisimba alirudi nyuma ya boti, na Gradi akaenda mbele kushika mfito. Mwaka na nusu umepita. Mashine bado iko darasani. Mistari imejaa kiooni kama uzi ulioangushwa mbele ya paka, na mama Stéphanie akiuliza, huambiwa kwamba mwanafunzi ana akili lakini ni mzito. Agnès husimulia habari hiyo kisimani kila wiki, na kila wiki inakua.

Kuna jambo moja ambalo Agnès halisimulii, kwa kuwa hajui. Mwezi uliopita mvuvi mmoja, Nkulu, alisogeza mtumbwi wake ubavuni mwa boti akapiga yowe:

“Tata commandant! Nitege wavu wapi, fasi visiki haiko?”

Swali la zamani, ambalo Kisimba alikuwa akilijibu tangu ana meno ya utoto. Jicho lake likaenda kwenye kioo kabla ya kwenda kwenye maji. Akafungua mdomo, na kilichotoka ni tarakimu.

“Kumi, nukta, tano, mbili, sita…”

Nkulu alisubiri, kafi juu, maji yakichuruzika. “Tata,” akasema, “hapo unaniambia namba ya simu ya nani?”

Kisimba akafunga mdomo. Pale mahali pana jina. Baba yake alilitia mgongoni mwake kwa kafi. Alilitafuta upande wa vilima, akalitafuta upande wa ukuta, na abiria wakaanza kutazamana. Likaja mwishowe, lakini Nkulu alikuwa amekwisha kwenda, na wavu wake ameutupa mahali alipoona yeye mwenyewe.